Acha orodha ya wafalme, anzia 1647

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, na zamu za usiku zikitulia huwa nasoma historia. Ya kwetu nimesoma kiasi. Ya Uingereza imenishinda: kila nikianza nakutana na kina Henry, kina Edward na kina Richard, wananichanganya, nafunga kitabu. Wewe uliyefundisha somo hili miaka yote hiyo, ni kipindi gani cha Uingereza unachopenda kukisoma kwa raha zako, mbali na mitihani? Na mtu aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakujibu kwanza, maelezo baadaye. Napenda miaka ishirini kati ya 1640 na 1660, ya vita kati ya mfalme na Bunge na jamhuri iliyofuata, na ndani ya hiyo napenda zaidi 1647 hadi 1649. Nikipewa nafasi ya pili nitachukua Juni ya 1381, uasi wa wakulima. Vipindi vingine huwa navisoma kwa kupita.

Hao kina Henry wanakuchosha kwa sababu vitabu vingi vinawapanga kama vitanda wodini, kila mmoja na cheti chake kwenye mguu wa kitanda: alizaliwa lini, alioa nani, alipigana wapi, alikufa kwa nini. Ukimaliza unajua majina, na nchi yenyewe hujaiona. Mimi kigezo changu ni kimoja. Natafuta wakati ambapo mambo yalivurugika kiasi kwamba watu wa kawaida walifungua midomo mbele ya wakubwa, na pakawa na mtu mwenye kalamu karibu. Nyakati za namna hiyo ni chache katika historia ya nchi yoyote.

Kwa kigezo hicho Henry VIII na wake zake sita nawaachia wapenzi wa tamthilia. Enzi za Malkia Victoria wengi wetu tulizisoma shuleni kwa lazima, mapinduzi ya viwanda yakiwa sababu ya ukoloni, hadi Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 na soko la watumwa Zanzibar likafungwa. Ni kipindi kizito na kinatuhusu, ila mimi nikikisoma hukisoma kwa hasira, na jioni nyumbani napenda kusoma kwa udadisi.

Basi, tuje kwenye mambo yenyewe. Charles I alirithi ufalme mwaka 1625 akiamini kwamba amewekwa na Mungu na hawajibiki kwa binadamu. Mwaka 1629 alilivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita. Fedha ndiyo iliyomtia matatani, kwa sababu kwa desturi kodi mpya ilihitaji ridhaa ya Bunge. Akafufua tozo ya meli, ambayo zamani ililipwa na maeneo ya pwani wakati wa hatari, akaitoza hadi wilaya za bara ambako watu bahari wanaisikia tu. John Hampden, mwenye mashamba wa Buckinghamshire, akagoma kulipa shilingi 20. Mtu tajiri kushtakiwa kwa shilingi 20! Kesi ikasikilizwa na majaji 12. 7 wakampa mfalme ushindi, 5 wakakataa. Kisheria mfalme alishinda. Lakini nchi nzima ilijua kwamba majaji watano wa mfalme mwenyewe hawakukubaliana naye, na wanaogoma kulipa wakazidi.

Kisha akataka kuwalazimisha Waskoti kitabu kipya cha sala, mwaka 1637, wakaasi. Vita inataka fedha, fedha inataka Bunge, na mwaka 1640 ikabidi aliite. Wabunge walifika na madai ya miaka 11 mifukoni.

Hapa kuna siku ya kwanza ninayotaka uisome kwa utulivu: tarehe 4 Januari 1642. Mfalme aliingia mwenyewe kwenye ukumbi wa wabunge, nje kukiwa na watu wake wenye silaha, kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwamo. Walikuwa wamedokezwa, wakatoroka kwa mashua kupitia mto Thames. Mfalme akakalia kiti cha Spika, akaangaza macho, hawaoni. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall hakuwa shujaa hata kidogo. Alipiga magoti, akajibu kwamba yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale isipokuwa Bunge limwelekeze. Mfalme akasema anaona ndege wake wote wameruka, akatoka. Tangu siku hiyo hakuna mfalme aliyeingia tena kwenye kikao cha ukumbi ule. Ukimwona Spika wa Bunge lolote lililorithi taratibu za Westminster, letu la Dodoma likiwamo, akilinda heshima ya kiti mbele ya serikali, asili yake unaikuta kwa huyu mzee aliyepiga magoti.

Vita yenyewe nakuruhusu uiruke. Ilianza Agosti 1642, jeshi jipya la Bunge likawavunja watu wa mfalme pale Naseby Juni 1645, na mwaka uliofuata mfalme akajisalimisha kwa Waskoti, nao mwanzoni mwa 1647 wakamkabidhi kwa Bunge. Mipango ya mapigano, nani alikuwa ubavu wa kulia na nani wa kushoto, ina wapenzi wake, mimi simo.

Usichoruhusiwa kuruka ni karatasi. Mwaka 1641 Bunge lilivunja mahakama ya mfalme iliyokuwa ikiwabana wachapishaji, na ghafla kila mwenye neno akalichapa. Wahubiri, mafundi viatu, wanajimu, wake za wafungwa. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, aliamua kukusanya kila kijitabu na kila gazeti alilolipata, mara nyingi akiandika tarehe kwenye jalada kwa mkono wake. Alipokoma mwaka 1661 alikuwa na machapisho yapatayo 22,000. Yapo hadi leo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Kwa msomaji hiyo ni neema: unaweza kufuata uvumi siku baada ya siku, hata ule wa uongo.

Sasa Putney, na hapa tutakaa kidogo. Mwaka 1647 vita imekwisha, askari wanadai mishahara yao, wabunge wanataka kuwarudisha makwao mikono mitupu au kuwapeleka kupigana Ayalandi. Askari wakafanya jambo ambalo jeshi halifanyi: kila kikosi kikachagua wawakilishi wake. Oktoba 28 wawakilishi hao, makamanda na raia wachache walikaa pamoja katika kanisa la St Mary's, Putney, kijiji cha kando ya mto nje ya London wakati huo. Mwenyekiti alikuwa Oliver Cromwell, mmoja wa makamanda wakuu wa jeshi la Bunge. Mezani kulikuwa na pendekezo la katiba mpya. Siku ya pili walihamia nyumba aliyofikia ofisa mmoja wa jeshi, na ndipo mjadala ulipowaka: nani ana haki ya kupiga kura?

Kanali Thomas Rainsborough alisema maneno ambayo huwa nayasoma kwa sauti: aliye maskini kuliko wote Uingereza ana maisha ya kuishi, sawa na aliye mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kila atakayeishi chini ya serikali anapaswa kwanza aikubali serikali hiyo kwa ridhaa yake. Akamjibu Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, mtu aliyesomea sheria na mwenye akili kali. Hoja yake ni kwamba mwenye haki ya kuamua mambo ya nchi ni yule mwenye maslahi ya kudumu ndani yake, yaani ardhi au nafasi katika vyama vya biashara. Asiye na kitu leo yupo, kesho hayupo. Na ukimpa kura kila anayepumua, nini kitamzuia kupiga kura ya kugawana mali za wenzake?

Usimdharau Ireton. Wanafunzi wangu walikuwa wakimcheka, nami nikawapa kazi ya kumtetea darasani, wakagundua kwamba hoja yake ina meno na ingali hai mahali pengi. Lakini baadaye akasimama askari wa kawaida, Edward Sexby. Akasema wapo askari maelfu waliohatarisha maisha yao. Mali hawakuwa nayo nchini, ila waliamini wanayo haki ya kuzaliwa. Sasa wanaambiwa asiye na mali ya kudumu hana haki yoyote. Nashangaa, akasema, jinsi tulivyodanganywa.

Fikiria nani aliambiwa maneno hayo. Cromwell ameketi pale pale, mmoja wa wakubwa wa jeshi, na askari anamwambia usoni kwamba wamedanganywa. Tunayajua kwa sababu karani wa jeshi, William Clarke, alikuwa ananukuu kwa hatimkato. Karatasi zake ziliishia katika chuo cha Worcester, Oxford, na hazikuchapwa hadi 1891, zaidi ya miaka 200 baada ya mjadala. Kwa hiyo watu wa karne ya 18 walioandika historia ya vita hii hawakuusoma mjadala huu. Waliandika habari za Cromwell bila kumsikia Sexby. Jambo hilo linanifanya nisome kila historia nikijiuliza ni karatasi gani bado ziko kabatini.

Wanawake hawakutajwa kabisa Putney. Na hata waliotaka kura ipanuliwe, baadhi yao walikubali kwamba watumishi na waombaji waachwe nje. Mwaka 1649 wanawake wa London walipeleka maombi yao wenyewe bungeni kutaka viongozi wa kundi la Levellers, waliodai usawa wa kisheria, waachiwe huru. Walijibiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Na hilo pia lilichapwa, Thomason akaliweka.

Novemba 1647 mfalme akatoroka kizuizini Hampton Court, akaanzisha vita ya pili kwa msaada wa Waskoti, akashindwa tena mwaka 1648. Hapa zingatia dini, maana usipoizingatia hutaelewa kitu. Hawa ni watu walioishi ndani ya Biblia. Wakuu wa jeshi walikutana Windsor kusali na kulia, wakatoka wakimwita Charles Stuart mtu wa damu, kwa maana ya kitabu cha Hesabu: nchi iliyomwagiwa damu haitakasiki ila kwa damu ya aliyeimwaga. Ukilisoma hilo kama hila ya kisiasa tu, umewakosa. Walikuwa wakiogopa kweli.

Kesi ilianza Januari 20, 1649, katika ukumbi wa Westminster. Walioteuliwa kuhukumu walikuwa 135. Nusu hivi hawakufika, na kwa kweli ungekuwa wewe ungefika? Rais wa mahakama, John Bradshaw, alivaa kofia iliyopigwa bamba za chuma ndani, akihofia risasi. Kofia hiyo ipo kwenye jumba la makumbusho Oxford. Mfalme hakuvua kofia yake, akakataa kujibu mashtaka, akauliza swali moja kila siku: mnanihukumu kwa mamlaka ya nani? Kisheria lilikuwa swali zuri mno na hawakuwa na jibu zuri. Bahati nayo haikuwa upande wake: kichwa cha fedha cha fimbo yake kikang'oka, kikaanguka sakafuni. Akasubiri mtu aokote, kama walivyookota maisha yake yote. Hakuna aliyeinama. Akainama mwenyewe.

Waliotia saini na mihuri hati ya kifo ni 59. Januari 30 kulikuwa na baridi kali, akavaa mashati mawili ili asitetemeke watu wakadhani ni woga. Akasubirishwa saa kadhaa, kwa sababu wabunge walikumbuka dakika za mwisho kwamba hakuna sheria inayozuia mtu kumtangaza mwanawe kuwa mfalme mara tu shoka likitua, wakakimbilia kuitunga. Jukwaani, mbele ya Banqueting House, alisema kwamba raia na mtawala ni vitu viwili tofauti kabisa. Pigo lilikuwa moja. Kijana mmoja aliyekuwepo aliandika kwamba umati ulitoa mlio wa kuugua ambao hakuwahi kuusikia kabla na hakutaka kuusikia tena.

Waliobaki na jamhuri hawakuwa malaika, na hapa vitabu vingi vya kishabiki hupunguza sauti. Askari waliodai waliyoyasikia Putney waliasi Mei 1649. Cromwell akawavamia usiku, akawafungia ndani ya kanisa la Burford. Watatu walipigwa risasi uani, wenzao wakiangalia. Mfungwa mmoja alichonga jina lake kwenye beseni la ubatizo: Anthony Sedley, mfungwa, 1649. Bado linasomeka. Septemba mwaka huo huo Cromwell alikuwa Ayalandi, mji wa Drogheda, ambako jeshi lake liliua askari waliokwisha kushindwa, mapadri na raia, naye akaandika kwamba ni hukumu ya haki ya Mungu. Mwaka 1655 jeshi lake likainyang'anya Jamaika kutoka kwa Wahispania, na kilichokuja kufanywa na Waingereza kwa Waafrika kisiwani humo unakijua. Neno zuri la uhuru lilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilichorwa na watu wale wale.

Bunge nalo halikupona. Aprili 1653 Cromwell aliingia na askari, akawafukuza wabunge waliobaki, akaiita siwa ya Bunge mchezo wa watoto, ikabebwa ikatolewa. Akawa mtawala wa nchi kwa cheo cha Bwana Mlinzi hadi alipokufa Septemba 1658. Mwana wa mfalme aliyekatwa kichwa, Charles II, akarudishwa Mei 1660, na Januari 30, 1661, mwaka wa 12 tangu shoka lile, maiti ya Cromwell ilifukuliwa ikatundikwa, kichwa kikachomekwa kwenye mti juu ya ukumbi wa Westminster. Kichwa hicho kilizungukazunguka mikononi mwa watu hadi 1960 kilipozikwa katika chuo cha Sidney Sussex, Cambridge.

Kuhusu 1381 nitasema machache, nawe utaona kwa nini ni chaguo la pili. Tauni ilifika 1348 na kuua labda theluthi ya watu, wengine wanasema karibu nusu. Vibarua wakawa adimu, wakadai zaidi. Wakubwa wakatunga sheria ya kurudisha ujira uwe kama kabla ya tauni. Juu yake ikaja kodi ya kichwa, mara tatu ndani ya miaka minne, ya mwisho shilingi moja kwa kila mtu aliyezidi miaka 15. Mtu ambaye babu yake alijificha porini kukwepa kodi ya kichwa ya mkoloni hahitaji mhadhara hapo. Watu wa Essex na Kent wakaandamana hadi London, wakachoma jumba la Savoy la mjomba wa mfalme, John wa Gaunt, na inasimuliwa kwamba aliyekamatwa akiiba fedha humo alitupwa motoni na wenzake: hatukuja kuiba. Popote walipopita walichoma madaftari ya mabwana, kwa sababu utwana wao uliandikwa humo. Mhubiri wao, John Ball, aliuliza: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, bwana alikuwa nani?

Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwaahidi uhuru, makarani wakaketi kuandika hati. Kesho yake, Smithfield, kiongozi wao Wat Tyler alikuja mbele ya mfalme, akaomba maji kwa sababu ya joto, akasukutua mdomo, kisha akanywa pombe bila haya. Muda mfupi baadaye meya wa London alimchoma upanga. Ndani ya wiki chache hati zote zilifutwa. Kasoro ni hii: karibu yote haya yameandikwa na watawa na makarani waliowachukia. Hata huo ukosefu wa adabu wa kusukutua mdomo tunausikia kwa mtu aliyekasirika. Putney tuna sauti. 1381 tuna mwangwi wake, kutoka kwa adui.

Kuhusu kuanza. Usianze mwanzo. Chukua siku moja, kwa mfano Oktoba 29, 1647, soma walivyosema wenyewe, kisha rudi nyuma ukijiuliza walifikaje hapo. Nyaraka nyingi za wakati huo zimo intaneti bure, maana haki za wachapishaji zilikwisha zamani. Tahajia ya zamani itakusumbua kurasa za kwanza. Soma kwa sauti, masikio yatakusaidia. Halafu tafuta wanahistoria wawili wasioelewana: mmoja anayeona mapambano ya matabaka, mwingine anayeona dini, mfalme asiyesikia na msururu wa ajali. Mimi nilianza na wa kwanza, na siku hizi naegemea wa pili, ila wa kwanza bado anaandika vizuri zaidi.

Ukifika 1660, mfuate Samuel Pepys kwenye shajara yake. Akiwa mwanafunzi wa miaka 15 alitazama mfalme akikatwa kichwa. Oktoba 13, 1660, akiwa ofisa wa serikali mpya, alikwenda Charing Cross kumtazama Thomas Harrison, mmoja wa wale 59, akinyongwa na kukatwa vipande, akaandika kwamba alionekana mchangamfu kadiri mtu awezavyo kuwa katika hali ile. Kisha akaenda kula chaza na rafiki zake. Soma ukurasa huo kwanza. Ukikupendeza, ruka hadi Septemba 1666, London inaungua, naye yuko bustanini jioni anachimba shimo la kufukia mvinyo na jibini lake.